Mama Mkubwa Getini

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nyumbani kwetu Utemini kuna intakomu ya getini aliyoifunga marehemu baba zamani: mgeni anabonyeza, ndani inalia, mnaongea. Mwezi uliopita nilimwita fundi Noel akaiunganisha na simu yangu. Sasa mgeni akibonyeza, simu inaita nikiwa dukani kwangu sokoni, naongea naye, namfungulia geti kwa kidole. Mlio wa ndani nikasema uzimwe kabisa, maana ulikuwa unamshtua mama. Mama miguu haimpeleki mbali, mchana analala chumba cha nyuma.

Alikuwa anamsubiri dada yake, mama mkubwa Severina wa Kinyangiri. Miaka sita hawasemeshani, tangu ugomvi wa kwenye msiba wa bibi. Mama alishatuma mtu amwombe dada yake msamaha. Kila jioni ananiuliza, "Severina hajafika?" Nasema hajafika.

Jumanne simu ikaita, ni getini. "Nani?" Kimya. "Haloo, nani wewe?" Pumzi tu inasikika. Nikakata. Ikaita tena, vilevile. Mara ya tatu wateja wamejaa, nikafoka: "Kama huna la kusema, ondoka hapo, usinichezee geti!" Nikazima mlio wa geti kwenye simu, nikamlaani Noel na vifaa vyake vya kichovu.

Jana Emilian, mtoto wa mama mkubwa, akanipigia.

"Dada, mama anasema ulimfukuza getini."

"Mbona hakusema ni yeye?"

"Aseme vipi, hujamwamkia? Alikuwa anasubiri shikamoo yako. Ulitaka mtu mzima akuanze wewe?"

Jamani! Nilikaa juu ya gunia la vitunguu nikalia mbele za watu. Yule mama amenilea. Na hata kama sikumjua aliyebonyeza, shikamoo inauzwa? Si ningeitoa tu!

Nilipanga kumficha mama. Jioni akaniuliza tena, "Severina hajafika?" Nikashindwa. Nikamweleza yote, mpaka neno "ondoka".

Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

"Alikaa pale muda gani?"

Simu inaandika kila anayebonyeza. Nikaifungua. "Alianza saa nne na dakika tano." Nikaendelea kusoma. "Mama, baada ya mimi kuzima alibonyeza tena mara nne. Ya mwisho ni saa sita kasoro."

"Alikuwa anatumaini nitaitika mimi," mama akasema, machozi yanamtoka. "Kwa magoti yale, kwenye jua lile. Kafukuzwa, akabaki. Na mimi huku ndani nasema dada yangu ana roho mbaya."

Akashika ukuta, akasimama.

"Kesho tunapanda basi la kwanza."

"Mama, na miguu hiyo?"

"Miguu ni yangu. Wewe tukifika, usiingie. Utasimama nje ya mlango wake mpaka akuite mwenyewe. Asipokuita, usije ukaniuliza mimi."