Sekunde Arobaini za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kutamka jina langu. Kwao Ushetu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana, na yeye aliipeleka heshima hiyo hadi kwenye simu. Akinitumia ujumbe wa sauti, tena kwenye namba yangu mwenyewe, anaongea na mke wangu: "Rosemary, mwambie mwenzio ng'ombe hawajambo." Salamu dakika nne, ndipo nijue anataka nini. Mimi sina subira. Nilikuwa naruka hadi mwisho, na nilimcheka sana.

Mwezi wa tatu Rosemary alienda kujifungulia kwa mama yake, nami nikarudi machimboni Geita. Kwenye duara, shimo letu la dhahabu, tunashuka kwa kamba, na hatushuki na simu. Tunamwachia Mwahija, mama lishe wa pale juu, anatuchajia. Mchana mmoja nilipopanda alinikabidhi yangu bila utani wake wa kila siku. Mama mkwe alikuwa amepiga mara kumi na moja, kisha akaacha ujumbe wa sekunde arobaini.

Sekunde arobaini, mama yule? Nikajua kuna msiba.

"Stanslaus," alisema.

Jina langu, kinywani mwake. Nilikaa chini kwenye kifusi.

"Kama uko kwenye kamba, panda kwanza. Rosemary yu hai. Mtoto yu hai, wa kike. Rosemary amepasuliwa, damu imempungua. Njoo hospitali, Kahama, wodi ya wazazi, na watu wawili wa kutoa damu. Narudia, maana najua hukusikia."

Kweli sikusikia. Baada ya "yu hai" masikio yaliziba. Akarudia yote polepole, bila kulia. Hadi leo nastaajabu: binti yake yuko vile, alipata wapi moyo wa kunifikiria mimi na kamba yangu?

Niliondoka na wenzangu Edson na Bujiku, tope likiwa bado mwilini. Tulitoa damu jioni ileile, na kesho yake Rosemary aliomba uji.

Mama mkwe alikuwa nje ya wodi, amenipa mgongo. Nimempakata mtoto, simu ikalia. Ujumbe wa dakika nne.

"Mjukuu wangu," sauti ilianza, "mwambie baba yako pole na safari. Mwambie ng'ombe hawajambo."

Nilimsogezea mtoto simu sikioni, tukasikiliza wote hadi mwisho.