Mahali Peupe pa Ruolan

Mwalimu Qiu alitunakilisha milima ya wachoraji mabingwa wa kale hadi mikono ikafa ganzi, na hakuna aliyeiweza kama Shen Ruolan. Kisha binti huyo akafanya yake. Milima aliiacha ya kale, ila miteremkoni akachora nguzo za umeme na maghorofa ya watu waliohamishwa, na katikati, mabingwa wale wanapoweka ukungu, akaacha karatasi tupu. Hapo ndipo kilipokuwa kijiji chao kabla ya maji ya bwawa kukifunika. Ule utupu ndio uliokuwa picha yenyewe.

Siku ya maonyesho, pale Hangzhou, watu walijazana mbele ya picha yake. Milima ya Mwalimu ilibaki na mlinzi tu. Nikamwona mzee Qiu anameza mate, nikajua leo kuna mtu ataumia.

Akasogea. "Hapa katikati pana nini, binti?"

"Kwetu, Mwalimu. Kumezama." Alijibu kwa furaha, masikini, akidhani anaulizwa kwa mapenzi.

"Nipeni brashi."

Ukumbi ukashangilia. Kwetu wachoraji, mwalimu akiandika juu ya kazi ya mwanafunzi wake amempa heshima. Kumkatalia ni kumvua nguo hadharani. Na karatasi ile ikishakunywa wino haiutapiki.

Wakaitandaza mezani. "Mwalimu, labda pale pembeni..." Ruolan alisema.

"Pembeni wanaandika wageni. Mimi si baba yako wa kazi?" Akainama, akanong'ona, nami niliyesimama karibu nikasikia, "Ngoja tukuzamishe vizuri."

Akaandika katikati, kwa herufi nono: Mwanafunzi wangu bado hajui kujaza karatasi. Nimemsaidia. Akagonga muhuri wake mwekundu. Watu wakapiga makofi. Nilimchukia mzee yule, na hadi leo namchukia.

Ndipo mama yake Ruolan akaingia, katoka stesheni, kikapu cha mayai ya bata ya chumvi mkononi. Kusoma hajui. Alipoambiwa nani kaandika, alimpa mzee kikapu kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Mshukuru Mwalimu, mwanangu! Mtu mkubwa hivi!"

Ruolan akainama. "Asante, Mwalimu."

Mzee akamenya yai, akalila palepale. Mama akaigeukia picha, kidole kikitafuta hewani bila kuigusa.

"Haya, nionyeshe basi. Ulisema nitapaona ilipokuwa nyumba yetu."