Shuka Kavu

Jina la Mkaguzi alipewa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, siku walipokubaliana kwenye simu kwamba mama yao hawezi tena kuachwa peke yake nyumbani. Mama alikuwa ameanza kusahau jiko likiwaka, na majirani waliuona moshi kabla hawajamwona yeye. Mdogo mtu alikuwa mbali kikazi. Dada mtu ni fundi cherehani, ana watoto, na kibandani kwake hakuna pa kumlaza mtu mzima anayehitaji kuangaliwa kutwa. Basi wakakata shauri watafute nyumba ya kulelea wazee, na kitinda mimba, ambaye hata msibani hakosi utani, akasema, "Dada, jicho lako linaona mshono uliopinda toka ng'ambo ya barabara. Wewe ndiye mkaguzi wetu."

Na alikagua kweli, hilo hakuna wa kumnyima. Nyumba ya kwanza aliishia mlangoni, kwa maana harufu ya mkojo ilimkaribisha kabla ya mwenyeji. Ya pili aliwakuta wazee wamepangwa mstari mbele ya televisheni iliyozimwa, akageuza. Ya tatu sakafu iling'aa, madirisha wazi, mapazia yamepigwa pindo za heshima. Matroni wa pale, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alimfunulia vitanda kama muuza vitambaa anayejua mali yake. Fundi akapitisha kiganja juu ya mashuka. Hakuna doa, hakuna unyevu. Akaona hapa ndipo.

Mama mwenyewe alikuwa dobi tangu ujana wake. Alifua mashuka ya nyumba za wageni, ya zahanati, ya wazazi waliojifungua, mpaka vidole vikakunjamana visikunjuke tena. Siku ya kwanza alipoonyeshwa kitanda chake alilinusa shuka, akasema aliyelifua ana haraka ya kwenda kwao, hajalisuuza povu likaisha. Wahudumu walicheka wakashika mbavu. Binti wa zamu ya mchana, mwembamba, anayepita vitandani kama anafukuzwa, mama alimpa jina la Upepo, na jina likamganda. Chumbani aliwekwa pamoja na mwalimu mstaafu, mwanamke aliyepooza miguu lakini ulimi mzima kabisa.

Mkaguzi alikuwa akienda kila Jumamosi asubuhi. Alitazama kucha, nyuma ya masikio, visigino. Alimgeuza mama kuangalia kama mgongo una vidonda. Mwisho aliinua blanketi na kupapasa shuka. Akitoka getini alimpigia mdogo wake kumpa ripoti, naye huko aliko akalala usingizi.

Jumamosi moja akalikuta shuka limeloa.

Sisi tuliowaacha wazazi wetu mikononi mwa watu tunaijua hasira ile. Nusu yake unawakasirikia wao, nusu unajikasirikia mwenyewe, na zote mbili zinatokea mdomo mmoja. Alilivuta shuka kitandani, akatoka nalo koridoni, akalikunjua mbele ya Matroni na wageni waliokuja kuona wazee wao.

"Mama yangu amefua mashuka ya nusu ya mji huu," akasema, sauti ikipanda. "Leo yeye ndiye wa kulala kwenye mkojo?"

Matroni aliomba radhi. Upepo aliitwa akasemwa palepale, akiangalia vidole vya miguu yake. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kitandani mama alikuwa amevuta blanketi mpaka machoni, lakini hakuna aliyegeuka kumwangalia. Mkaguzi alirudi nyumbani akijisikia amefanya kazi ya mtoto mwenye uchungu na mzazi wake.

Toka siku hiyo shuka halikuloa tena. Kila Jumamosi akipapasa, kavu. Furaha ilimzidi mpaka akamshonea Upepo gauni lenye mifuko mikubwa ya kazini. Binti alilipokea kwa mikono miwili bila kumtazama usoni. Yeye akadhani ni haya za kisichana.

Mama naye akaanza kupoa. Utani ulipungua. Ulimi ukawa mzito, na akawa anamwita binti yake kwa jina la dada wa mama mwenyewe, aliyefariki zamani. Midomo ilipasuka, Mkaguzi akamletea mafuta ya mgando, akampaka vizuri, akaona amemhudumia. Aliuliza, akaambiwa ni uzee. Na wewe ukiambiwa uzee utabisha nini? Kila mtu anaona miaka ilivyokwenda.

Kisha ikatokea akaenda siku ambayo si yake. Alikuwa amepeleka mapazia kwa mteja upande ule, jua la mchana likiwaka, akaona si vibaya apitie. Getini walishangaa kumwona lakini wakamfungulia. Mama alikuwa amelala chali, uso mkavu kama karatasi. Mkaguzi akalowesha taulo dogo bombani, akalikamua kidogo, akaanza kumfuta uso. Lilipofika mdomoni, mama alilidaka kwa fizi.

Kwanza alicheka, akidhani mama ameanza utani wake tena. Akalivuta. Mama hakuliachia. Macho kayafumba, mashavu yanaingia na kutoka, ananyonya. Aliyewahi kunyonyesha hawezi kuikosea sura ile. Mkaguzi akaliachia taulo.

Akakitazama kikombe kwenye stuli. Ndani kilikuwa na vumbi. Akakisuuza, akakijaza maji, akamwinua mama begani na kukipeleka mdomoni. Mama akageuza uso ukutani.

"Sitaki," akasema. "Nitaloanisha."

Ni mwalimu, kutoka kitanda cha pili, aliyemweleza, tena polepole kama anayemfundisha mtoto mzito. Chai ni asubuhi. Baada ya hapo, anayejulikana kuwa analoanisha hupewa maji ya kijiko ya kumezea dawa, na basi, mpaka kesho yake. Anayelalamika kiu anaambiwa avumilie kidogo. Mwanzoni mama alikuwa akiomba. Siku hizi hata mtu akimpa hanywi, anasema kuna binti wa watu alitukanwa hadharani kwa ajili yake.

"Mbona hukuniambia, mwalimu?"

"Ukija unakuwa na Matroni pembeni, mnacheka. Ukitoka nabaki naye mimi." Mwalimu akalivuta shuka lake kifuani. "Miguu yangu unaiona. Ningekimbilia wapi?"

Upepo aliingia akiwa na beseni, akamwona Mkaguzi na kikombe mkononi, akasimama. Alisema yuko peke yake kwa korido mbili, mashine ya kufulia iliharibika siku nyingi, na Matroni alimwambia shuka likionekana tena limeloa mbele ya wageni asirudi kazini. Mkaguzi alitaka kumpiga. Mkono ulikwishanyanyuka.

"Nipige tu, dada," binti akasema, machozi yakimtoka. "Lakini tangu nianze kazi hapa hakuna ndugu hata mmoja aliyeniuliza mgonjwa wake amekunywa nini. Wote mnashika shuka."

Mkono ukashuka wenyewe.

Alimtoa mama siku ileile. Matroni alimfuata mpaka getini akisema kwa sauti yake ya taratibu kwamba nyumba nyingi hufanya hivyo, na kwamba ndugu wenyewe ndio wanaotaka vitanda vikavu. Mkaguzi alikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa linamhusu yeye mwenyewe.

Hospitalini waliweka dripu, wakasubiri, wakaweka nyingine. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema mwili ulikauka muda mrefu na figo zimechoka, na kwa umri ule mashine ya kusafisha damu mama asingeihimili. Wamrudishe nyumbani, anywe kidogo kidogo. Mkojo ukija, lipo tumaini. Usipokuja, wakae naye karibu.

Mkaguzi akampa mama kitanda chake mwenyewe, yeye na watoto wakahamia mkekani. Cherehani ikafunikwa. Lakini kila alipoleta kikombe, uso uligeuka ukutani. Alibembeleza, akakemea, akalia. Mama alitazama kile kitanda kizuri cha binti yake na kutikisa kichwa.

Mwishowe Mkaguzi akakinyanyua kikombe chote na kukimimina juu ya godoro, katikati, maji yakasambaa.

"Umerukwa na akili wewe?" mama akauliza, na ilikuwa sauti yake ya zamani.

"Kitanda changu, maji yangu. Kimeloa. Nani amekasirika?"

Mama akatazama huku na huku, mlangoni, dirishani, kama anamtafuta huyo mwenye hasira. Hakumwona. Akaanza kucheka, kicheko kikavu chenye kikohozi, akasema kweli mwanangu hujawahi kujua kufua, sasa godoro hilo utalianika wapi. Kikombe kilichofuata alikinywa mpaka chini. Na kingine.

Asubuhi yake shuka lilikuwa limeloa. Mkaguzi alilishika, akalinusa, akampigia mdogo wake huku akilia na kucheka, akipiga kelele kwamba mama amekojoa, amekojoa, mpaka jirani aliyekuwa anapita na ndoo akasimama kusikiliza hii habari njema ni ya namna gani. Kitinda mimba alisema anaomba ruhusa kazini, atakuja.

Siku ya pili ulikuja unyevu kidogo, wa kutafuta kwa kidole. Mama aliendelea kunywa, sasa bila kubembelezwa, kikombe baada ya kikombe, kama anayelipiza. Lakini miguu ilianza kujaa. Uso ukajaa. Maji yalikuwa yanaingia na hayatoki.

Kitinda mimba alikuwa bado njiani siku Mkaguzi alipoingiza mkono chini ya mama, akapapasa kutoka kiunoni mpaka mapajani. Shuka lilikuwa kavu, limenyooka, kama limetoka kupigwa pasi. Akapapasa tena, taratibu, upande wa pili.

Mama akafumbua macho. Alimtambua vizuri siku hiyo, akamwita kwa jina lake.

"Umeona?" akasema, na midomo ilikuwa inatabasamu. "Leo sijakusumbua."

"Umefanya vizuri, mama," akajibu, na mkono akauacha palepale.