Rangi Isiyoingia Konani

Kiti cha mfano kilirudishwa kwa sababu moja: ndani ya kona, mguu unapokutana na kitako, chuma kilionekana. Mama mmoja msambazaji wa viti vya shule alimwambia fundi rangi kwamba kikirudi hivyo tena, oda ataipeleka kwingine. Karakana haikuwa na oda nyingine.

Fundi rangi akaongeza umeme. Bunduki yake hupuliza rangi ya unga iliyotiwa chaji, nao unga hukimbilia chuma kilichounganishwa na ardhi. Yeye aliona umeme ukizidi, rangi itazidi. Ikazidi kweli, lakini kwenye kingo za nje, ikafanya vipele. Kona zikabaki tupu.

"Shemeji, umekipaka au umekiambukiza tetekuwanga?" aliuliza mdogo wa mkewe, mwangalizi wa tanuri la kuokea rangi. Jioni alikuwa akisoma fizikia katika masomo ya watu wazima.

"Cheka tu. Oda ikiondoka tutachekea nyumbani wote."

Shemeji yake akachukua chaki, akachora kona sakafuni. "Chaji hukaa juu ya uso wa chuma, ila haijigawi sawa. Penye ukingo hubanana, chaji nyingi katika eneo dogo. Ndani ya kona karibu hakuna kitu. Unga wako unakwenda kwenye chaji. Ukiongeza umeme, unaunenepesha ukingo tu."

"Kwa hiyo nizime?"

"Punguza."

Fundi rangi aliupeperusha unga wote kwa hewa kabla haujaokwa, akapunguza umeme. Kisha akapunguza na upepo wa bunduki.

"Huo upepo sijakwambia," shemeji alisema.

"Darasani kwenu hakuna upepo. Ukiwa mkali, konani unaingia na kutoka na unga wake."

Akaanza na kona, moja moja, akamalizia kingo kwa mkono mwepesi. Kiti kikaingia tanurini.

Msambazaji alipofika alipiga magoti, akapitisha kidole ndani ya kila kona, kisha akakwaruza kwa ufunguo wake. Akainuka akipangusa sketi.

"Vyote viwe hivi. Vikiisha, mtanipakia rangi makabati pia."

Alipoondoka, fundi rangi alimgeukia shemeji yake.

"Leo jioni una darasa?"

"Ninalo."

"Basi waulize habari za ndani ya kabati. Mle mote ni kona."