Aliyetumwa Kupimwa

"Hamisha karakana yako, fundi! Vumbi lako limemmaliza kaka yangu!"

Mshonaji alisimama katikati ya uchochoro, mkono mmoja kiunoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Madirisha yalikwisha kufunguka. Hakuna jirani aliyetaka kupitwa.

"Dada, vumbi hili nalivuta mwaka wa ishirini na saba," seremala akajibu, penseli sikioni. "Na sigara juu yake. Mbona mimi sikohoi?"

"Wewe una roho ya paka!"

Watu wakacheka. Kaka mtu, aliyeketi kibarazani, alicheka pia, kikohozi kikamkatiza. Hakuwahi kuvuta sigara, lakini kwa miaka yake arobaini na miwili alikuwa na mapafu ya mzee wa themanini. Daktari alimwambia ni kasoro ya kurithi: mwili wake hautengenezi vya kutosha protini inayoyakinga mapafu, hivyo moshi na vumbi humla upesi kuliko wenzake. Akaagiza ndugu zake wote wapimwe damu.

"Na mlipimwa?" seremala aliuliza.

"Tulipimwa," mshonaji akajibu. "Safi kabisa."

"Nani na nani?"

"Mdogo wetu. Ndiye anayekohoa kutushinda sisi tuliobaki, tukamtuma atuwakilishe. Si tumbo moja, baba mmoja?"

"Mmemtuma kupimwa damu kama mnavyomtuma kwenye vikao vya ukoo!"

Uchochoro mzima ukaangua kicheko. Mshonaji alifungua kinywa amrudishie, pumzi ikagoma. Akashika ukuta. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Mara mbili za kwanza alisingizia ngazi. Kicheko kikazimika.

"Mbao mbili za gogo moja," seremala alisema taratibu, "moja hunyooka, nyingine hupinda. Hii huijui kwa kuitazama ile. Vumbi langu si asali, nakubali. Kuanzia leo msasa nitapigia kule nyuma. Lakini damu yako wewe, nani atakwenda kukupimia?"

"Na nikikutwa nayo?" Hakumtazama seremala, alimtazama kaka yake.

"Utakuwa umejua mapema. Mimi nilichelewa miaka sita, nikidhani ni mafua. Kesho twende, nitakusindikiza."

Pumzi ilipomrudia, mshonaji akauachia ukuta.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Haya."

Mke wa seremala akachungulia mlangoni, mwiko mkononi. "Shoga, matusi yaliyobaki utamalizia mezani. Mshike kaka yako mkono, ingieni tule."