Njia ya Machimbo

Watoto walimwita Mama Honi kwa sababu alipiga honi mara tatu kila kituo, hata kama mtoto ameshasimama pale, begi mgongoni, anamtazama. Alikuwa ameendesha basi la shule kwa miaka kumi na sita. Alijua kiti kinachobana vidole, dirisha lisilofunga mvua ikinyesha, na mtoto wa kukaa mbele kwa sababu kona humtapisha. Njia yake ya mwisho, ndefu kuliko zote, ilikuwa ya machimbo ya mawe: kilomita kumi na nne za vumbi, kilima kirefu katikati, na watoto kumi na mmoja ambao wazazi wao walivunja mawe na kuponda kokoto.

Mwaka ule dizeli ilipanda bei mara tatu kabla ya likizo ya katikati ya mwaka. Muuza mafuta kituoni, ambaye zamani hakukosa utani, sasa alikuwa akijaza tangi kimya kimya kama mtu aliyeleta habari za msiba. Mwalimu mkuu alimwita Mama Honi ofisini, akamwambia bila kuzunguka.

"Mama, fungu la mafuta ni lilelile, na linabeba mizigo miwili: njia zako na safari za michezo. Kamati inakaa mwisho wa mwezi. Kimoja kitakatwa, na ukitazama ramani, kinachokula zaidi ni ile njia ya machimbo."

"Na nikipunguza matumizi?"

"Ukiweza, nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi."

Akaanza siku hiyo hiyo. Alijaza upepo matairi kila asubuhi. Alizima injini kila aliposubiri, hata kwa dakika mbili. Akaondoa tairi la akiba la pili na makorokoro yote yaliyokuwa chini ya viti. Na pale juu ya kilima cha machimbo, ambapo barabara inashuka kwa kilomita tatu, akawa anatoa gia na kuliacha basi literemke lenyewe, mguu wake ukiwa juu ya breki. Haikuwa sahihi, naye alijua. Lakini wiki ya tatu ilipokwisha, alikuwa amebakisha dizeli ya kutosha kwenda machimbo na kurudi siku mbili zaidi.

Habari hiyo alimwambia mtu mmoja tu.

Mwalimu wa michezo alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, na hata ukubwani dada yake hakuacha kumwita Kitinda. Mama yao alifariki Kitinda akiwa darasa la pili. Dada ndiye aliyemwogesha, aliyemfunga kamba za viatu, aliyekaa naye chini ya taa akihesabu vijiti vya hesabu. Alipomaliza chuo akakosa kazi, dada ndiye aliyesimama mlangoni kwa mwalimu mkuu siku tatu mfululizo hadi akachukuliwa kwa mkataba. Walimu wenzake walimtania kwamba yeye aliingia shuleni kwa mlango wa basi. Alicheka nao, na kazi yake aliifanya vizuri. Timu yake ya wasichana ya mpira wa pete ilikuwa haijafungwa tangu muhula uanze.

Siku ile Mama Honi alimkuta kwenye stoo ya michezo akitia upepo mipira. Akakaa juu ya rundo la nyavu kuukuu, akamsimulia yote, hadi ule mteremko.

"Unatoa gia na watoto ndani?" Kitinda aliacha kupiga pampu. "Breki zikipata moto je?"

"Naenda taratibu. Kitinda, gari hili nalijua kuliko ninavyokujua wewe."

Wakacheka. Kisha wakapanga. Kwenye kikao, dada ataeleza mafuta aliyookoa, na Kitinda atasema timu iko tayari kuacha safari mbili za mbali na kucheza nyumbani. Kila mmoja atameguka kidogo, hakuna atakayevunjika.

"Tutasimama pamoja?" dada aliuliza.

"Tangu lini nimesimama bila wewe?"

Kamati ilikaa maktaba, kwenye viti vya watoto vilivyowafanya watu wazima wakunje magoti kama panzi. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu, mama mpole asiyependa kelele. Mama Honi alisimama na karatasi yake, akasoma lita za wiki hii na za wiki ile. Watu wakatazamana. Mzazi mmoja akasema hata serikali ingemhitaji mtu huyu, wakacheka.

"Umewezaje, mama?" mwenyekiti aliuliza.

"Upepo wa matairi. Kuzima injini nikisubiri. Kupunguza mizigo." Akakunja karatasi yake. "Na uangalifu barabarani."

Mwenyekiti akageuka kwa mwalimu wa michezo. Kitinda alisimama taratibu. Hakumtazama dada yake. Aliitazama meza, palipokuwa na kamusi iliyochanika jalada.

"Mimi naomba tuseme ukweli wote," alisema. "Sehemu ya mafuta hayo imeokolewa kwa kutoa gia kwenye mteremko wa machimbo, watoto wakiwa ndani. Kwa usalama wao, sidhani njia ile inafaa kuendelea. Michezo ibaki kama ilivyo."

Mama Honi alidhani amesikia vibaya. Alingoja mdogo wake aseme neno la pili, neno la kugeuza lile la kwanza. Kitinda akakaa.

"Ni kweli, mama?" mwenyekiti aliuliza kwa sauti ya mtu anayetamani kuambiwa hapana.

"Ni kweli."

Hawakuhitaji muda mrefu. Njia ya machimbo ilifutwa. Basi litaishia kwenye njia panda, na watoto watatembea kilomita tisa zilizobaki. Mama Honi alipewa barua ya onyo. Kwa heshima ya miaka yake, mwenyekiti alisema, hawatamfukuza.

Alimngoja Kitinda kwenye ngazi za maktaba. Alitoka wa mwisho.

"Dada, usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri sana."

"Mwalimu mkuu aliniita jana. Akasema safari za michezo zikipungua, hakuna sababu ya kuwa na mwalimu wa michezo. Mkataba wangu unaisha, dada. Mke wangu ni mjamzito. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Mama Honi alimtazama. Uso ule ndio aliokuwa akiupangusa makamasi utotoni kwa pindo la gauni lake mwenyewe.

"Ningekaa kimya kwenye kikao," alisema. "Ningeiacha njia yangu ikatwe, wewe ubaki na kazi yako. Ningefanya hivyo, Kitinda, na wewe unajua ningefanya. Hukunipa hata nafasi ya kukupa."

Dada akashuka ngazi.

Jumatatu, mama mmoja mponda kokoto alimngoja kwenye njia panda, mikono bado myeupe kwa vumbi la mawe. Binti yake alikuwa darasa la tatu, mtoto wa kiti cha mbele.

"Tumesikia ulikuwa unachezea roho za watoto wetu."

"Nilikuwa natoa gia kwenye mteremko. Nilitaka mafuta yatoshe, njia isikatwe."

Yule mama alikung'uta vumbi mikononi. "Ungetuambia. Tungechagua wenyewe, mteremko au miguu. Sasa mmetuchagulia nyie."

Hilo lilimuuma kuliko barua ya onyo. Alitamani kumtaja aliyepeleka maneno kwenye kamati. Jina lilimfika ulimini, akalirudisha. Lingemsaidia nani?

Ijumaa ya wiki ya pili timu ilikuwa na mechi mji wa jirani. Mama Honi aliambiwa aendeshe, akaendesha. Wasichana waliimba nyuma, wakipiga viti kwa viganja. Kitinda alikaa kiti cha mbele, filimbi shingoni, akijifanya anasoma orodha ya wachezaji. Walipofika karibu na njia panda, waliwakuta watoto wa machimbo pembeni mwa barabara, mstari mmoja, wengine viatu mkononi. Siku hiyo walikuwa wameanza kutembea tangu shuleni, kwa sababu basi likiwa na safari ya michezo njia za jioni hungoja.

Mama Honi akapunguza mwendo.

"Dada, tumechelewa," Kitinda alisema kwa sauti ya chini.

Alisimamisha basi, akafungua mlango. Watoto walipanda wakihema. Yule wa darasa la tatu akasimama karibu na usukani, akamtazama mwalimu aliyekaa kwenye kiti chake cha siku zote. Kitinda akanyanyuka bila kuambiwa, akaenda kusimama nyuma. Wasichana walikuwa wameacha kuimba.

Ilikuwa kilomita mbili tu hadi njia panda. Pale Mama Honi aliwashusha, maana mbele ya hapo hakuruhusiwa, na mafuta yaliyokuwa tangini yalikuwa ya mechi. Aliwatazama kwenye kioo hadi kona ikawameza. Kitinda alirudi mbele. Dada yake alimuuliza swali moja tu safari nzima.

"Utalisema na hili?"

"Dada!" alisema, kama mtu aliyepigwa kofi.

Hakulisema. Hakuna barua iliyokuja. Lakini siku nne nzima Mama Honi aliingoja, kila alipopita dirisha la ofisi akitupa jicho ndani, na hapo ndipo alipojua kitu kilichoondoka baina yao hakingerudi.

Muhula ulipofungwa, watoto wa machimbo waliokuwa wakifika shule walikuwa saba. Wawili walipelekwa kwa bibi zao kwingine. Wengine wawili hakuna aliyeweza kumwambia walipo. Timu ilishika nafasi ya pili katika mashindano. Siku ya mwisho, Mama Honi akiwa anapangusa vioo, simu yake ililia. Ujumbe ulitoka kwa mdogo wake: *Nimethibitishwa kazini dada. Wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia.*

Aliusoma mara mbili. Akaandika sentensi ndefu, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta pia. Mwishowe akaandika *Hongera*, akatuma, akaitia simu mfukoni, na akaendelea na kioo cha upande wa pili.