Buti za Kabari na Kijiti cha Marehemu

Mwenye duka la nguo alisema binti yangu aende Ijumaa asubuhi, amwone anavyotembea. Vyeti hakuuliza. Wasichana wake wanashinda wima, wanavaa nguo za duka na kupita nazo mbele ya wateja.

Binti yangu ana miaka kumi na tisa, na mguu wake wa kushoto ni mfupi. Alivunjika akiwa na miaka sita, mfupa ukaunga, lakini haukurefuka kama mwenzake. Sehemu tatu amekwisha omba kazi, na zote walimtazama miguu kabla ya uso, wakasema watampigia. Safari hii aliniambia, "Mama, nikikosa hii sitoki tena humu ndani." Mwanangu namjua. Hatishii mtu.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Kila mwaka alimsimamisha peku sakafuni, akapachika vipande vya ngozi chini ya mguu mfupi, huku mimi nimemshika mtoto nyonga kwa viganja viwili, nisikie zitakapolingana. Nikisema "sawa," baba mtu anakata alama kwenye kijiti chake, kisha anainua kiatu kwa kipimo hicho. Alama ya mwisho ilikuwa unene wa vidole viwili. Aliikata mwaka aliofariki, miaka minne iliyopita. Kijiti nakiweka kando ya kitabu changu cha sala. Tangu siku hizo mtoto anavaa kandambili na kuchechemea zake.

Jumatatu tulikwenda kwenye rundo la viatu vya mitumba. Yeye alishika vya kisigino chembamba.

"Hivi ndivyo wanavyovaa, mama."

"Kisigino cha sindano utakiongezea wapi? Kitakuwa fimbo hicho."

Nikachimba rundo mpaka nikapata buti fupi nyeusi, zinaishia juu kidogo ya kifundo, zipu upande wa ndani. Soli yake ni ya kabari: inaanzia chini ya vidole inapanda mpaka kisiginoni bila pengo. Nikaikunja ngozi kuona kama itapasuka. Haikupasuka. Soli kama hiyo ukiiongeza unene na kuipaka rangi pembeni, jicho linapita tu.

"Za bibi hizi," akasema.

"Bibi gani? Bibi yako alikwenda peku mpaka siku anaingia kaburini."

Akacheka hadi akashika ubavu. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Tukaenda kwa Msumari, aliyefundishwa kazi na marehemu, na sasa ndiye anayekalia kiti chake.

"Shikamoo mama. Leo umeniletea buti za jeshi?"

"Marahaba. Punguza maneno, shika kijiti."

Akakishika, akamtazama binti yangu juu hadi chini. "Mama, huyu amerefuka. Tumpime upya, dakika tano tu."

"Mwalimu wako alikosea lini?"

"Hakukosea, lakini…"

"Basi kata."

Nilimwelewa, sitasema sikumwelewa. Lakini kupima upya ni mtu mwingine kuweka alama yake juu ya alama ya mume wangu, na moyo ukagoma. Ule ukaidi mimi niliuita imani.

Msumari akakata soli ya buti ya kulia, akatoa kipande cha unene wa kidole, akakigandisha chini ya buti ya kushoto, tofauti ikawa vidole viwili. "Ujue, mama," akasema, "ndani soli hii ni kama mkate mkavu. Haikatwi mara mbili."

Alhamisi mchana tulitoa nguo zote kitandani. Suruali ya kubana ingeanika soli. Sketi fupi ingemkata mguu vipande. Tukachagua sketi ya kijivu ya kumwagika, ndefu, pindo lake linafunika midomo ya buti, na soksi ndefu nyeusi ili akiketi isionekane ngozi katikati. Akaenda hadi mlangoni, akarudi. Kuchechemea kulikuwa kumebaki kidogo mno.

"Mama, naenda!" akasema. "Nione, naenda!"

Nilimwona. Niliona na pindo, limelala upande wa kushoto kwa unene wa kidole.

"Vua," nikamwambia, "nikunyooshee pindo."

Nikafumua, nikapandisha upande wa kushoto, nikashona kwa mkono, nikapiga pasi. Alipovaa tena, pindo lilinyooka kama rula. Nikamshukuru Mungu.

Ijumaa, sakafu ya duka ilikuwa ya vigae, na kioo kirefu ukutani. Mimi nilikaa kwenye stuli mlangoni.

"Karibu, mwanangu. Buti nzuri hizo, nani kakuchagulia?"

"Mama."

"Mama ana jicho. Haya, tembea."

Akatembea. Mwenye duka akatikisa kichwa kukubali, nami nikaanza kupumua. Kisha akachomoa gauni la buluu kwenye henga. "Vaa hili sasa, tuone."

Alipotoka chumba cha kubadilishia nguo, nilitazama kwenye kioo, nikainamisha uso. Gauni lilikuwa limelala kushoto. Mwenye duka akapiga magoti, akalivuta pindo, likanyooka. Akaliachia, likarudi. Akamlaumu fundi cherehani wake, akaleta gauni jingine. Na hilo likalala. Basi akainuka, akaichukua sketi ya kijivu iliyoning'inia, akageuza pindo, akaona mshono wangu. Akanitazama pale mlangoni bila hasira.

"Kaa, mwanangu," akamwambia, "pumzisha mguu. Tutakupigia."

Nyumbani alivua buti, akazipanga vizuri kando ya ukuta.

"Kwa hiyo baba alikosea."

"Hakukosea. Wewe ulirefuka. Msumari aliniambia, nikakataa. Na jana niliona."

"Uliona nini?"

"Pindo."

"Uliona, mama, ukashona?"

"Nilishona."

Nikachukua magazeti ya zamani, nikayakunja. Nilidhani atanikatalia, lakini akasimama peku pale alipokuwa akisimama zamani. Nikapachika kunjo moja chini ya mguu, nikashika nyonga. Nikaongeza. Tukafika alama ya kijiti, tukaipita. Vilipofika vidole vitatu, viganja vyangu vikalingana.

"Sawa," nikasema, kwa mazoea, na hapakuwa na mtu wa kukata alama.

Alisimama wima kabisa juu ya yale magazeti, macho ukutani. Nikamwambia ashuke, ale kitu.

"Nishuke niende wapi, mama?"

Viganja vyangu vilibaki nyongani mwake.